Honi ipi kwa noti za juu za Baroki? Mwongozo kwa wapulizaji wa Mombasa

Kila Pasaka na Krismasi zikikaribia, simu yangu hujaa maswali yale yale. "Mwalimu, nimepewa Brandenburg namba moja ya Bach, nitafute honi gani?" "Mwalimu, kwani tarumbeta haiwezi?" "Mwalimu, nikipata kipulizio kidogo si nitafika juu?" Nimeyajibu ndani ya feri ya Likoni, nimeyajibu nikiwa na mahamri mkononi pale Mwembe Tayari, na juzi nimeyajibu msibani. Sasa nayaandika hapa, na atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Honi ninayoisema ni ile ya bomba lililozungushwa duara, mkono wa kushoto kwenye valvu, yaani vile vibonyezo, wa kulia ndani ya mdomo wake mpana. Kipulizio ni kile kipande cha chuma unachowekea midomo yako, na Baroki ni muziki wa enzi ya akina Bach na Handel. Si honi ya matatu.

Neno moja kabla hatujaanza, maana ndilo litakaloamua pesa zako: honi haikununulii noti za juu. Noti za juu zinatoka kwenye midomo na pumzi zako. Honi inakununulia uhakika wa kuipata noti unayoitaka na si jirani yake. Ukilichanganya hili utauza pikipiki ununue chombo ambacho hakitakusaidia chochote.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Karatasi yako ya muziki yenyewe, nakala unayoweza kuichorachora. Usichague honi kwa kusikia kwamba "sehemu iko juu".
- Honi yoyote unayoweza kuipata kwa wiki mbili, hata ya kuazima kwenye bendi ya shule au kanisa.
- Programu ya simu ya kupimia sauti. Za bure zinatosha.
- Penseli na kibodi.
- Mtu wa kukusikiliza asiyekuogopa.

Hatua ya 1: Tafuta do

Karatasi za honi za Baroki zimeandikwa kana kwamba dunia yote iko C. Pembeni, mwanzoni mwa mstari, utaona herufi: F, D, G na kadhalika. Wewe uliyekulia kwenye kwaya ya solfa una bahati hapa kuliko hata waliosoma nje: C iliyoandikwa ni do, na ile herufi inakuambia do iko wapi. Basi.

Brandenburg ya kwanza ya Bach, iliyowekwa wakfu mwaka 1721, ina honi mbili, do ni F. Katika Misa yake ya B minor, honi ni moja tu na inapiga kipande kimoja tu, "Quoniam tu solus sanctus", do ni D. Water Music ya Handel ya 1717 ina vipande vya F na vya D. Ile Hornpipe ambayo maharusi wanaiomba watokee nayo kanisani ni ya D. Muziki wake wa fataki wa 1749 nao ni D.

Zungushia penseli noti ya juu kuliko zote. Kisha hesabu, na hili wengi hulipuuza, unakaa huko juu vipimo vingapi bila kupumzika. Noti moja ya juu ni kuruka ukuta. Kurasa mbili za juu ni kutembea juu ya ukuta.

Hatua ya 2: Geuza noti iwe nambari

Nadharia ni hii tu, na haitazidi hapa. Honi za enzi hizo hazikuwa na valvu; valvu zilikuja Ujerumani karibu 1814. Bomba tupu linatoa ngazi moja ya sauti, tuiite ngazi ya hamoniki. Chini vidato vimeachana mbali, huwezi kuimba wimbo. Kuanzia cha 8 vinakaribiana na wimbo unawezekana:

8 do, 9 re, 10 mi, 11 fa (iko juu mno, karibu nusu ya njia kwenda fi), 12 so, 13 la (imezama), 14 ta (imezama), 15 ti, 16 do.

Ndiyo maana watunzi walimpeleka mpiga honi juu. Hawakuwa wakatili. Wimbo wenyewe ulikuwa unaishi huko.

Sasa chukua ile do ya juu ya Brandenburg, F ya mstari wa juu kabisa wa stafu ya soprano. Noti hiyo hiyo moja, angalia ni kidato cha ngapi kwenye kila bomba:

- Honi ya F, bomba la mita 3.7 hivi: kidato cha 16.
- Honi ya B-flati, mita 2.75 hivi: kidato cha 12.
- Honi ya F alto, mita 1.85 hivi: kidato cha 8.

Kwenye cha 16, jirani wa chini yuko nusu toni tu, na wa juu hivyo hivyo. Midomo ikiteleza kidogo umeshaingia nyumba ya watu. Kwenye cha 8, jirani wa chini yuko zaidi ya toni nzima. Ukiteleza kidogo, bado uko kwako. Kazi ya midomo kufika pale ni ile ile. Sauti ni ile ile. Kilichobadilika ni upana wa mlango.

Andika nambari hizo chini ya noti zako tano za juu kwa kila honi unayoifikiria. Dakika kumi hizo zimewaokoa wanafunzi wangu pesa nyingi.

Hatua ya 3: Jipime kabla ya kupima honi

Chukua honi ya kawaida, ile yenye pande mbili, F na B-flati, zinazobadilishwa kwa kidole gumba, na utumie upande wa B-flati. Asubuhi, baada ya kupasha midomo moto kwa dakika kumi, piga noti yako ya juu mara kumi. Kati ya kila jaribio weka honi chini, vuta pumzi, anza upya. Andika ngapi zimetoka safi.

Kipimo changu mwenyewe, si sheria ya mtu: zikitoka saba au zaidi, huna haja ya honi nyingine kwa kazi hii, fanya mazoezi. Zikitoka tatu hadi sita, honi fupi itakusaidia kweli. Zisipotoka kabisa, honi fupi haitakupa kitu. Rudi kwenye noti ndefu na mazoezi ya kuteleza midomo kwa miezi kadhaa, na sehemu ya kwanza mpe mwenzako. Honi ya pili ina heshima yake.

Halafu piga sehemu yote mara mbili mfululizo. Kama mara ya pili midomo imegeuka mpira, tatizo lako ni stamina, na stamina haiuzwi.

Hatua ya 4: Chagua

*Honi ya F na B-flati pamoja*, ile ya kidole gumba. Hii ndiyo wengi mnayo. Kwa vipande vya D inatosha kuliko mnavyodhani: do ya juu ya D ni kidato cha 10 tu kwenye B-flati, bila kubonyeza chochote. Quoniam inaanza kwa mruko wa oktava hadi noti hiyo hiyo. Ugumu wake ni kwamba umekaa kimya tangu Misa ianze, midomo imelala, halafu unaamka na kuruka. Honi ya bei gani itakutibia hilo?

*Honi ya B-flati peke yake.* Nyepesi, inajibu haraka, na mitumba yake huwa rahisi kidogo. Kwa mtu wa kazi za juu tu naipenda sana.

*Honi ya B-flati na F alto*, wengi huiita deskanti. Hii ndiyo iliyotengenezwa kwa kazi yetu. Alexander wa Mainz wanatengeneza modeli ya 107, na Paxman wa London nao wana zao. Ukiona majina hayo kwenye mtumba wenye bei ya kutupa, shuku kwanza. Upande wa F alto vidole vyake ni kama vya tarumbeta kwenye noti zilizoandikwa: do wazi, re ya kwanza, mi wazi, fa ya kwanza, so wazi, la ya kwanza na ya pili, ti ya pili. Wapiga tarumbeta wanaoihamia hufurahi siku ya kwanza na kununa siku ya tatu, kwa sababu kipulizio si chao.

Onyo: usiishi upande wa F alto. Sauti yake ni nyembamba zaidi, na mtu akizoea mlango mpana anasahau kulenga. Mimi napiga B-flati mpaka so, halafu nabonyeza F alto kwa la, ti, do. Wengine hubadilisha mapema zaidi. Tafuta mahali ambapo mtu aliyefumba macho hasikii umebadilisha.

*Honi ya pande tatu*, yaani F, B-flati na F alto pamoja. Nzuri, nzito, ghali. Kama hulipwi mshahara wa kupiga honi, pita.

*Honi asilia*, isiyo na valvu kabisa. Sauti yake ndiyo Bach aliyoisikia: kavu, ya porini, mdomo wake mpana ukiwa juu. Ule ufundi wa kurekebisha noti kwa mkono ndani ya mdomo wa honi unahusishwa na Hampel wa Dresden, katikati ya karne ya 18, baada ya muziki huu mwingi kuandikwa. Kwa hiyo ile fa ya 11 waliivuta kwa midomo. Ukitaka njia hii, uliza swali moja kabla ya kulipa: imepimwa A ya mitetemo 415 au 440 kwa sekunde? Nyingi za Baroki ni 415, nusu toni chini ya kibodi ya kanisani kwenu. Kibodi ya umeme unaweza kuishusha kwa kitufe. Ogani ya mabomba haishuki.

*Melofoni ya F.* Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo siri ya maskini. Ni chombo cha bendi za kuandamana, mdomo unatazama mbele, valvu za pistoni za mkono wa kulia. Bomba lake lina urefu sawa na F alto. Yaani do ile ya juu ni kidato cha 8, sawasawa na deskanti. Kuna mwaka tulipiga vipande vya Water Music harusini Nyali kwa melofoni mbili, na bibi mmoja akatuuliza mbona matarumbeta yetu yamenenepa. Sauti si ya honi, sitawadanganya. Lakini noti zilikaa. Tumia kipulizio chake chenyewe; ukilazimisha cha honi kwa kiunganishi, vidato vinahama na hutajua kosa ni lako au la chombo.

*Alto ya E-flati*, ile ya bendi za Jeshi la Wokovu. Kwa vipande vya D inafaa. Kwa vya F, do ya juu ni kidato cha 9 na iko nje ya eneo ambalo wapiga alto wengi wamezoea.

*Flugelihoni.* Do ya F kwake ni so ya juu ya stafu, kazi ya kila siku. Laini, inapendeza na filimbi na fidla. Sehemu ya pili ikishuka chini sana itaishiwa bomba.

*Tarumbeta.* Inazifikia noti, ndiyo. Na mji huu unajua tarumbeta: baba zetu wa vikundi vya ngoma ya beni, Kingi na Scotchi, hawakuhitaji kufundishwa. Lakini ile Brandenburg inaanza na honi zikipiga milio ya wawindaji juu ya fidla na oboe, kama watu wa shamba walioingia sebuleni na mbwa wao. Ukiweka tarumbeta, wamekuja wanajeshi. Hadithi nyingine.

Hatua ya 5: Kipulizio

Kipulizio cha honi ni kirefu, umbo la faneli. Cha tarumbeta ni kama bakuli. Hilo ndilo linaloifanya honi iwe honi, kwa hiyo usifanye biashara ya kubadilishana.

Kwa kazi ya juu, kipenyo cha ndani karibu milimita 17 hadi 17.5 kinawafaa wengi. Badilisha kimoja kwa wakati: ukibadilisha ukingo, usibadilishe kina. Na usibadilishe wiki ya onyesho. Kipulizio kidogo mno kitakupa noti ya juu kwa dakika tano, halafu kitakukata damu midomoni, na so ya katikati itasikika kama mbu.

Hatua ya 6: Kagua mtumba kabla pesa haijatoka

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Deskanti inayokutafuta wewe hadi kwenye simu, iulize maswali.

1. Vuta slaidi ya valvu, lile bomba dogo linalochomoka, bila kubonyeza valvu hiyo. Ngoja sekunde tatu, kisha bonyeza. Unataka mlio wa "pop!". Kimya maana yake hewa inavuja kwenye rota, ile sehemu ya valvu inayozunguka.
2. Tazama bomba la kwanza, lile linaloshika kipulizio. Madoa ya waridi yenye kitovu cheusi ni shaba inayooza kutoka ndani. Bomba hilo halitengenezwi, hubadilishwa.
3. Pitisha kidole kwenye mabomba membamba. Mkunjo mdogo karibu na mdomo mpana unavumilika. Mkunjo ule ule karibu na kipulizio unaharibu sauti.
4. Slaidi zote zitoke kwa mkono. Zilizoganda siku ya kununua zitaganda siku ya onyesho.
5. Piga kila noti yako ya juu ukiwa na programu ya kupimia. Usimpe muuzaji nafasi ya kukupigia yeye. Yeye anajua mahali pa kuegemea.

Kama chombo kiko nje ya nchi, omba video ya kipimo cha kwanza, bila kukatwa. Mimi sikuomba. Honi yangu ya kwanza fupi ilifika Mombasa inang'aa kama sinia la bi harusi, nikalipa ushuru kwa furaha, na valvu ya pili haikutoa "pop" hata nilipoisihi.

Na tafadhali: usipeleke honi kwa fundi wa redieta. Najua yuko karibu, najua analehemu shaba kila siku. Wangu alilehemu mguu mmoja wa kushikilia mabomba uliokuwa umeachia, vizuri kabisa, na moto wake ukaachisha mingine miwili.

Hatua ya 7: Ilinganishe na joto letu

Hewa ya ndani ya bomba ikipanda digrii moja, sauti inapanda karibu senti 3 (nusu toni ni senti 100). Ukumbi wa Februari hapa ni nyuzi 30 na ushee hata kabla watu hawajakaa. Honi yako itakuwa juu, na fidla hazitakungoja.

Kwenye deskanti kumbuka hesabu hii: ukivuta slaidi sentimita 1, bomba linaongezeka sentimita 2. Kwenye F ndefu umeshuka senti 9 hivi. Kwenye F alto umeshuka senti 18 au 19. Kwa hiyo vuta kwa milimita. Linganisha pande mbili za honi moja baada ya nyingine kwa noti moja, so, mpaka zisigombane. Fanya hivyo baada ya kupiga dakika kumi, si ukitoka tu kwenye kiyoyozi cha gari.

Ikienda kombo

*Noti inapasuka mwanzoni kila mara.* Iimbe kwanza kwa solfa. Usipoweza kuiimba, midomo haijui inaelekea wapi. Ukiimba vizuri na bado inapasuka, jaribu upande mfupi.

*Kila noti iko juu hata slaidi ikiwa nje.* Mkono wako wa kulia uko wapi? Honi ya valvu imetengenezwa ikitarajia mkono ndani ya mdomo wake. Ukiutoa ili uonekane wa Baroki, sauti inapanda.

*Fa inasikika vibaya.* Kwenye honi asilia ni kawaida yake. Ivute chini kwa midomo, taratibu, na usiikalie. Kwenye honi ya valvu huna kisingizio, bonyeza.

*Karatasi ya D inanichanganya kwenye honi ya F.* Acha majina ya noti. Cheza do kwenye kibodi, D, imba mstari wote, halafu pulizia ulichoimba. Anayetaka njia ya kitabu, asome kila noti toni moja na nusu chini.

*Midomo inaisha kabla ya wimbo.* Gawaneni. Honi ya kwanza na ya pili wabadilishane vipande, hakuna atakayejua. Mazoezini piga oktava chini, juu upande mara moja tu kwa siku.

*Wenzangu wanasema nawafunika.* Wanasema kweli. Geuza kiti, mdomo wa honi utazame pazia na si ukuta.

*Valvu imekwama.* Hapa kwetu ni chumvi na unyevu, hasa ukikaa upande wa bahari na honi inalala nje ya sanduku lake. Fungua kifuniko, tia tone la mafuta ya rota kwenye mhimili, tone jingine kupitia slaidi, ngoja robo saa, kisha izungushe kwa vidole kidogo kidogo. Usigonge. Mafuta ya cherehani yanaweza kukuokoa usiku wa onyesho, lakini yatoe kesho yake asubuhi. Ikikubali, bonyeza valvu zote mara ishirini kila siku hata usipopiga, na sandukuni weka kile kipakiti cha kunyonya unyevu kinachokuja na viatu vipya.